Maji ya Manzanilla Machoni mwa Eliseo

Mtu hamwoni Bi Obdulia Coyotl kwanza, humnusa. Katika soko la Jumatano, pale mjini kwao kusini mwa Puebla, harufu yake humfikia mnunuzi meza tatu kabla hajamfikia yeye mwenyewe. Ni harufu tamu ya majani makavu yenye asali kwa mbali, harufu ya manzanilla, lile ua dogo jeupe lenye moyo wa njano ambalo hukaushwa na kuchemshwa kama chai. Imo katika nywele zake, katika shali yake, hata katika noti anazorudisha kama chenji. Mwenyewe husema siku akifa padri asinunue ubani. Wamzungushe yeye tu kanisani mara mbili, inatosha.

Kwa maneno ya namna hiyo alipendwa. Alikuwa na desturi ya kujicheka kabla mtu mwingine hajapata nafasi. Alikuwa mfupi na mpana, akaeleza kwamba Mungu alipomwumba aliishiwa na urefu, akafidia kwa upana ili mizani isilalamike. Alikuwa mjane, akasema mumewe alikuwa mtu wa amani aliyechagua kufa kuliko kubishana naye. Aliuza majani na maua ya kila aina, lakini ukweli ni kwamba alikuwa na dawa moja. Tumbo likikusumbua, manzanilla. Usingizi ukikukimbia, manzanilla. Mume akiwa mkali, manzanilla pia, ila hapo anayekunywa ni mume.

"Juzi kaja mtu na jino bovu ukampa manzanilla," akasema Bi Chayo, muuza pilipili kavu wa meza ya pili na rafiki yake tangu usichana. "Leo kaja mwingine na tairi bovu, nikakuona mkono unaenda kwenye gunia."

"Tairi lenyewe lilionekana halijalala vizuri," akajibu Bi Obdulia.

Hata hivyo, kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa macho ya watoto wachanga. Katika mtaa wao, mtoto akiamka na tongotongo haitwi daktari. Maua huchemshwa, maji huachwa yapoe mpaka yawe vuguvugu, pamba safi huchovywa, na matone mawili matatu hudondoshwa kwenye pembe ya jicho. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla yake. Yeye mwenyewe alikuwa amewaosha macho watoto wasio na idadi, na wengine sasa walikuwa na mvi.

"Nusu ya mji huu imeuona ulimwengu kwa mara ya kwanza kupitia chai yangu," alipenda kusema. "Ndiyo maana siku ya kura hawaoni vizuri."

Kisha akazaliwa Eliseo, mjukuu wake wa kwanza, naye alizaliwa njiti, mdogo kiasi kwamba Bi Obdulia alipomwona kwenye kitanda cha kioo alidhani wamemwonyesha mkono wa mtoto, bado mtoto mwenyewe. Baba yake, Efrén, alikuwa dereva wa malori yaendayo mpakani kaskazini, kwa hiyo Noemí, mama wa mtoto, aliishi na mama mkwe wake. Noemí alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache, labda kwa sababu kazini alikuwa ameshayasikia ya kutosha. Kati yao wawili walimlisha Eliseo kwa sindano isiyo na ncha, kisha kwa chupa, mpaka akaanza kuwa na mashavu.

Tatizo lilikuwa macho. Daktari wa macho wa mjini Puebla, Daktari Quiroz, aliwaeleza kwamba mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mishipa midogo ya nyuma ya jicho huwa haijamaliza safari yake. Ikipotea njia huweza kuvuta na kuung'oa utando unaoona, na mtoto akawa kipofu kabla hajajua kuona ni nini. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikichelewa, basi. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Eliseo alipelekwa kwake, akatiwa matone ya kutanua mboni, na daktari akachungulia ndani kwa taa.

Bi Obdulia hakuyapenda matone yale hata kidogo. Mtoto alirudi nyumbani na macho mekundu na mboni kubwa kama za bundi, akilia kila dirisha lilipofunguliwa. Ndiyo maana kila waliporudi kutoka Puebla alimchukua jikoni na kumwosha macho kwa maji yake. Dawa ya hospitali iingie, ifanye kazi yake, halafu itoke nje kama mgeni yeyote mwenye adabu. Hakumficha mtu. Hakuna aliyeuliza pia, maana kumwosha mtoto macho kwa manzanilla, katika nyumba zao, ni kama kumpangusa pua.

Siku ya tukio walirudi adhuhuri, joto likiwa kali. Noemí alikuwa hajalala vizuri usiku wa kuamkia safari, akajinyoosha kitandani na viatu vyake. Bi Obdulia akamchukua mjukuu. Maua ya mavuno mapya yalikuwa yametandazwa kwenye mikeka uani, yakinuka mpaka barabarani, naye akachemsha hayo hayo. Akayatia mengi, kwa sababu mteja hupewa kiganja kimoja lakini mjukuu ni mjukuu. Akayapoza, akachovya pamba, akadondosha.

Alikuwa bado ameishika ile pamba Eliseo alipoanza kujisugua uso kwa ngumi. Kope zikaumuka kama maandazi kwenye mafuta, kisha midomo. Madoa mekundu yakashuka kutoka shingoni hadi tumboni. Mtoto akaanza kuvuta pumzi kwa mluzi mwembamba, na kilio chake kikawa ni mdomo unaofunguka bila sauti kutoka. Bi Obdulia, ambaye hajawahi kukosa neno tangu abatizwe, alifungua mdomo kumwita Noemí, naye sauti ikakataa. Ikabidi apige sufuria sakafuni.

Jirani aliyekuwa akipakia maua ya kuuza aliyashusha barabarani, akawapeleka kwa gari lake hospitali ya mji. Muuguzi alimdunga Eliseo sindano pajani kabla hata ya kuuliza jina. Baada ya muda mtoto akakohoa, akapumua, akalia kwa sauti kubwa ya kuudhi, na kila mtu chumbani akashukuru.

"Kimempata nini?" akauliza daktari wa zamu.

"Asubuhi alitiwa matone ya macho huko Puebla," akasema Noemí.

"Matone, daktari," akadakia Bi Obdulia. "Mimi nilisema."

Na wala hakudanganya. Aliamini kila neno. Daktari akasema ni mzio mkali, jambo linalotokea kwa nadra sana kwa watoto wanaotiwa matone yale, lakini hutokea. Asitiwe tena mpaka aonwe na daktari wa mzio. Daktari Quiroz naye, alipopigiwa simu, alisema hawezi kuthubutu kumtia tone lolote kabla ya chanzo kujulikana, ila wasikawie. Mara ya mwisho aliona mishipa fulani ambayo hakuipenda sura yake, na alitaka kuitazama tena upesi.

Jumatano ikafika kabla ya daktari wa mzio. Ulimi hauna mfupa, na wa Bi Obdulia ulikuwa umelala siku nzima hospitalini bila kazi. Watu walipomwuliza hali ya mjukuu, mwanzoni alisimulia akiwa ameketi. Wakaongezeka, akasimama. Wakaongezeka tena, akapanda juu ya kreti la nyanya.

"Kichupa kidogo hivi," akawaonyesha kwa vidole, "na lebo nzuri, na jina ambalo hata padri hawezi kulisoma. Ndani yake sumu. Mimi sikusoma, jamani, lakini nina pua, na dawa isiyonuka chochote inaficha kitu."

Watu wakatikisa vichwa. Wakamletea mikate mitamu ya kumpa pole, mingi, na yeye akaipokea kwa huzuni kubwa huku akipanga upi ataanza nao. Hajawahi kusikilizwa namna ile. Kwa muda alijiona kama mgombea wa umeya, na baadaye alikiri kwa Chayo kwamba alikuwa ameshaanza kufikiria rangi ya bango.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Rufina, mama kijana ambaye binti yake alizaliwa njiti mwaka ule ule na kuchunguzwa na daktari yule yule.

"Basi mimi wangu simpeleki," akasema Rufina. "Miadi yetu ni kesho kutwa."

"Usimpeleke, mwanangu," akamwambia Bi Obdulia kutoka juu ya kreti. "Njoo nikupe manzanilla."

Hapo kreti likavunjika, akatua katikati ya nyanya. Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda. Laiti lingevunjika mapema kidogo, alisema baadaye, lingemwokoa na sentensi moja.

Daktari wa mzio alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Arízaga, mwenye miwani iliyoshikwa na kamba shingoni. Alimpima Eliseo pole pole, akampigapiga mgongoni, akacheza naye kidogo, kisha akaketi.

"Nataka mniambie kila kilichogusa macho yake siku ile," akasema. "Toka asubuhi."

Noemí akaeleza: matone ya kutanua mboni, yale ya ganzi, kitambaa cha kupangusia, basi.

"Na mlipofika nyumbani?"

"Hakuna kitu," akasema Noemí.

"Hakuna dawa nyingine yoyote," akasisitiza Bi Obdulia. "Nyumbani kwangu haingii dawa ya dukani. Tulimwosha tu."

"Kwa maji?"

"Kwa maji. Ya manzanilla."

Daktari akavaa miwani yake.

"Mlimtia manzanilla ndani ya jicho?"

"Si kumtia, daktari. Kumwosha. Manzanilla si kitu."

"Siku ile ile?" Noemí aliuliza, na hakumwuliza daktari.

"Ulikuwa umelala, mwanangu. Kidogo tu. Kama siku zote."

"Na ilichukua muda gani mpaka avimbe?" akauliza daktari.

Bi Obdulia akafungua mdomo kujibu. Akaiona tena ile pamba mkononi mwake, ikiwa bado inachuruzika. Toka kliniki ya macho mpaka nyumbani kulikuwa na safari nzima ya basi, na mtoto alikuwa amesinzia njia yote kama paka. Toka pamba mpaka uvimbe hapakuwa na safari yoyote. Alijua kuhesabu, alikuwa mfanyabiashara. Ila hili hakuwa amelihesabu, kwa sababu mtu hahesabu hewa.

"Pamba ilikuwa bado mbichi," akasema.

Daktari Arízaga hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Alieleza kwamba ua lina chavua, na chavua ikimwingia machoni mtu ambaye mwili wake umeshaikataa huweza kumwangusha hata mtu mzima, sembuse mtoto aliyekuwa akioshwa nayo kila wakati tangu atoke hospitali. Lakini hakusema kwamba ua ndilo lenye kosa. Mtoto alikuwa ametiwa matone pia mara kadhaa, na mzio huweza kujenga nyumba yake taratibu. Saa zile chache hazikuyatakasa matone moja kwa moja. Lazima vyote viwili vipimwe kwenye ngozi.

"Kwa kawaida ningesubiri mwezi na zaidi," akasema. "Macho yake hayana mwezi. Njooni Alhamisi ya wiki ijayo. Nimeshaongea na Daktari Quiroz, kliniki yake ni ng'ambo ya barabara. Matone yakionekana hayana kosa, siku hiyo hiyo tutamtia moja mbele yangu, sindano ikiwa mezani, na atamchungulia."

"Na yakiwa ndiyo yenye kosa?" akauliza Noemí.

"Tutatafuta njia nyingine. Zipo, lakini kila moja ni ngumu zaidi kwa mtoto mdogo kama huyu, na itatuchelewesha."

Kisha akamgeukia Bi Obdulia na kumwomba alete maua ya mavuno yale yale, yaliyochemshwa siku ile. Aliomba kwa heshima, kama mteja.

Njia nzima Noemí alitazama nje ya dirisha la basi. Kesho yake asubuhi, Bi Obdulia akipasha moto tortila, zile chapati za mahindi, ndipo akamjia jikoni na mtoto begani.

"Mama."

"Nipo, mwanangu. Sema. Nimevaa aproni, itapokea."

"Sijakasirikia chai. Na mimi mama yangu alinitia. Hata daktari aliponiuliza, mimi ndiye niliyesema hakuna kitu."

"Basi umekasirikia nini?"

"Soko. Ulipanda kwenye kreti kabla hujafikiri hata dakika moja."

"Kreti lenyewe lilinikataa."

Noemí akageuza uso upande wa dirisha ili asicheke, kwa sababu hakuwa tayari kumpa hilo.

"Rufina hakumpeleka binti yake," akasema. "Kaniambia mwenyewe jana. Ameniuliza kama amefanya vizuri."

Bi Obdulia aliacha tortila ikaungua.

Alimweleza Chayo kwanza, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Chayo alisikiliza akiwa anakata vikonyo vya pilipili, akamaliza fungu zima.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shoga," akasema mwishowe. "Na wewe kimo mpaka kwenye nywele."

"Haijathibitishwa."

"Jumatano iliyopita ulihitaji uthibitisho gani?"

"Chayo, wewe ni rafiki au hakimu?"

"Rafiki. Hakimu angekupa muda wa kujitetea. Panda tena uwaambie."

"Kreti limevunjika."

"Chukua langu. Lakini lina vumbi la pilipili, ukilia, usilisingizie."

Alipanda. Mara hii hakuwa na maneno yaliyopangwa. Aliwaambia kwamba Jumatano iliyopita alisema matone ni sumu. Leo anasema hajui. Alisema huenda ni ua lake. Alisema mjukuu alivimba pamba ikiwa mkononi mwake mwenyewe, na yeye, mwenye pua inayojua yote, akamnyooshea kidole daktari aliye mbali kwa sababu kidole hakikunjiki kirahisi kuelekea kwa mwenyewe. Akawaomba wenye watoto njiti wawapeleke kwenye miadi yao, na yeyote asimtie mtoto mchanga machoni chochote kutoka meza yake.

Kisha muuza ndizi akauliza kutoka nyuma:

"Bi Obdulia, na mikate yetu ya pole?"

"Nimeila," akasema. "Mnaoitaka njooni mnipime kiunoni, kila mtu ataikuta sehemu yake."

Kicheko kikarudi, lakini siku ile maua yake hayakuuzwa. Akina mama walipita meza yake wakimsalimia kwa adabu nyingi mno. Hakuwalaumu. Mganga hajigangi, na yeye alikuwa hata hajijui kuwa anaumwa.

Kwa Rufina alikwenda mwenyewe, kwa miguu, akashuka mteremko mzima na kupanda mwingine. Alimkuta akianika nepi.

"Ulisema nisimpeleke," akasema Rufina.

"Nilisema. Nilikuwa nimesimama juu, nikadhani na akili imepanda."

"Na kama kweli ni matone?"

"Binti yako ametiwa mara nyingi hajapata hata chunusi. Wa kuulizwa ni Eliseo. Wako hana kesi." Akachukua nepi moja kwenye beseni, akaikamua, akaianika. "Vaa viatu twende tukapige simu kwa Daktari Quiroz. Nitaongea mimi. Nitamwambia miadi aliikosesha mwendawazimu wa sokoni, na mwendawazimu mwenyewe yuko kwenye laini."

Daktari Quiroz alicheka kwenye simu, au labda alikohoa. Rufina akapewa nafasi ya Ijumaa, na Ijumaa alimpeleka binti yake. Macho yalikuwa salama. Bi Obdulia alipopata habari alikaa chini kwenye gunia la mnanaa, akakaa hapo mpaka Chayo akamwambia anauharibu.

Ikabaki kazi ya kuchagua maua ya kupeleka.

Katika chumba chake cha kukaushia palikuwa na magunia mawili. Moja lilikuwa la mavuno mapya, yale ya siku ile, maua manono ambayo ukiyatikisa hutoa unga wa njano. Jingine lilikuwa la mwaka uliopita, mabaki yaliyofifia ambayo hata yeye aliona haya kuyauza. Kwa macho ya mtu asiyejua yalifanana. Daktari asingetambua. Na Bi Obdulia, akiwa peke yake chumbani, aliutazama mkono wake ukienda wenyewe kwenye gunia la zamani.

"Obdulia," alijiambia kwa sauti, "umekuwa wakili wa majani."

Akauvuta mkono nyuma, akaketi juu ya kigoda kufikiri, kazi ambayo alikuwa ameiahirisha kwa wiki mbili. Ua lake likionekana halina hatia, yeye atarudi sokoni kifua mbele. Na Eliseo je? Matone yatakuwa ndiyo yenye hatia, na mlango wa kumchungulia utakuwa umefungwa kwa muda, na ile mishipa isiyopendeza sura itaendelea kutambaa gizani bila mtu wa kuitazama. Lakini ua likionekana lina hatia, bibi ameanguka na mjukuu atachunguzwa siku hiyo hiyo. Hapakuwa na njia ya tatu. Alikuwa ametumia maisha yake yote kulisifu ua lile, na sasa alilazimika kuomba lipatikane na kosa.

Alijaza mfuko kutoka gunia jipya. Alichagua yale manono kuliko yote, kama mtu anayemtafutia bibi harusi.

Jioni ile alipitia kanisani, mbele ya sanamu ya Mtakatifu Lusia, yule anayeshika macho yake kwenye sahani.

"Mama," akanong'ona, "nimekuomba mvua, mume na meno. Mvua ulinipa. Sasa nakuomba unitie hatiani. Usinionee huruma hata kidogo."

Chayo alipoambiwa aliguna. "Umewahi kumsikia muuza nyama akiomba nyama yake iwe mbovu?"

"Mjukuu wa muuza nyama anaona."

Chayo akafungua gunia lake. Akampa pilipili mbili nyekundu za kutia mfukoni kwa ajili ya bahati, na akamwonya asizisogeze karibu na mtoto.

Alhamisi, Daktari Arízaga aliyapokea maua, akayanusa, akasema ni mazuri sana. Bi Obdulia alishindwa kujizuia kuona fahari, akajikanya papo hapo. Muuguzi aliyachemsha kidogo chumba cha pili. Eliseo alilazwa kifudifudi kifuani mwa Noemí, mgongo wazi, na daktari akauchora alama kwa kalamu. Alieleza kila moja alipokuwa akidondosha na kuchoma kwa ncha ndogo: hii ni maji matupu, haitakiwi kufanya lolote, hii ni ya kupima ngozi, hiyo lazima ivimbe, hizi ni za matone ya macho, na hii ya chini, karibu na ubavu, ni manzanilla. Eliseo alilia kwa kila mchomo kisha akasahau.

"Robo saa," akasema daktari. "Tafadhali msiziguse. Nitarudi kusoma."

Sindano ya paja ilikuwa mezani, tayari kwenye trei. Kupitia dirishani Bi Obdulia aliweza kuiona kliniki ya Daktari Quiroz ng'ambo ya barabara, pazia likiwa limefunguliwa. Quiroz alikuwa amewaambia atawasubiri mpaka jioni.

Alama ya kupima ngozi ikavimba mapema, duara jekundu lenye kichwa cheupe, na Bi Obdulia akainuka nusu.

"Siyo hiyo, Mama," akasema Noemí. "Hiyo kasema lazima ivimbe."

"Najua. Nilikuwa naisalimia."

Akaketi. Akainama mpaka pua yake ikawa karibu na ubavu wa mtoto.

"Mama, unampulizia."

"Sipulizi. Nahimiza."

"Unahimiza nini?"

"Ua langu. Nimelilea vizuri, lisinitie aibu leo."

Noemí akatoa mkono mmoja chini ya mtoto, akamshika mama mkwe wake kifundo cha mkono, na hakuuachia. Wakatazama pamoja. Alama za matone zilikuwa tambarare, au zilionekana hivyo kwa pale walipokuwa. Ile ya chini ilikuwa na kitu, labda wekundu kidogo, labda wino.

"Imeanza?" akauliza Bi Obdulia.

"Hicho ni kivuli cha kichwa chako. Sogea."

Akasogea. Mwanga wa dirisha ukaanguka mgongoni mwa Eliseo, na mtoto akatikisa mguu kama anayeota. Huko ukumbini viatu vya daktari vilisikika vikija, vikasimama mlango wa jirani kuzungumza na mtu, na Bi Obdulia, macho hayabanduki kwenye alama ile ndogo ubavuni, akaanza tena kulihimiza ua, safari hii bila sauti.